Jina Ulilolitaja Hewani

Kaka yangu Espoir,

Nilikusikia Jumapili kwenye ile redio kubwa ya Cape Town. Sauti ni ileile ya nyumbani. Nikazima. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulichotufanyia ulikifanya mbele ya watu.

Unakumbuka studio yetu ya redio, hapa mtaani Yeoville? Chumba juu ya duka la vitambaa, magodoro yamegongomewa ukutani ili honi za teksi zisiingie. Mimi nilitangaza kwa Kiswahili, wewe ukifuatisha kwa Kiingereza, ili wenyeji nao watusikie. "Wakituelewa, hawatatuogopa," ulikuwa ukisema, nami nilikuamini kuliko nilivyomwamini mchungaji. Ukikwama neno ulinikanyaga mguu chini ya meza, nacheka hewani, wasikilizaji wanapiga simu kuuliza tumekunywa nini.

Na Mama Riziki unamkumbuka. Tulipotoka Bukavu hatujui mtu, ndiye aliyetulaza kwenye saluni yake mtaa wa Doornfontein, akatulisha bugali, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo mpaka ukapata kazi ya ulinzi. Ulimwita mama.

Wiki ile maduka ya wageni yalipovunjwa, tulimwomba aje aseme yaliyompata. Alikubali kwa sharti moja: asitajwe jina wala mahali.

"Yupo aliyenificha, wanangu. Msije mkamchoma na yeye."

Ukamshika mkono. "Mama, unatuogopa sisi?"

Akasimulia jinsi fundi viatu wa jirani, Mzulu, alivyomfungia stoo na kusimama mlangoni akiwaambia vijana kwamba ndani hamna mtu. Nililia. Kisha ikaja zamu yako ya Kiingereza. Ukataja jina lake. Ukataja saluni na mtaa. Ukamtaja hata fundi viatu. Nilikukanyaga mguu kwa nguvu zangu zote, ukauvuta, ukaendelea. Mama Riziki, ambaye Kiingereza chake ni cha kuelewana bei tu na wateja, aliposikia jina lake alidhani unamshukuru tu, akawa akiitikia kwa kichwa.

Alipoondoka nilikuuliza kwa nini.

"Eish, dada, habari isiyo na jina haina uzito. Kuna watu wakubwa wanatusikiliza."

Kumbe ulijua unachofanya. Kabla wiki haijaisha saluni ilichomwa. Fundi viatu walimvunja taya. Mama Riziki alikuwa kanisani; alirudi Bukavu na nguo alizovaa. Wewe ukapeleka rekodi ile Cape Town, wakakupa kazi.

Bado natangaza, lugha zote mbili peke yangu. Wageni wa kipindi wanasita mlangoni na kuuliza, "Kaka yako yumo?" Nawajibu hayumo. Ni aibu, Espoir, kuona watu wakipumua kwa sababu ndugu yangu hayupo. Hata hivyo nakukumbuka, nakumbuka tulivyocheka, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi: siwezi kukuchukia mzimamzima.

Mwezi uliopita ulituma ujumbe kwa shemeji yako, mume wangu. Hukuuliza hali yangu. Uliomba namba ya Mama Riziki, ili aje kwenye kipindi chako asimulie maisha yake baada ya moto.

Nilimpigia. Nikamweleza ombi lako. Akasema, "Mwambie nimemsamehe. Namba yangu usimpe."

Ujumbe wake nimekufikishia.

Dada yako wa tumbo moja,
Yeoville