Bolti za Baba Katika Beseni Moja

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamsumbua asubuhi, na mimi nimechoka, Dada, nimechoka hadi uchovu wenyewe umenizoea.

Uliuliza pikipiki ya baba imefikia wapi. Unayakumbuka makopo yake alipokuwa ameifungua, kila bolti na kopo lake kulingana na meno? Basi siku ile ya msiba wake mama alitaka kibanda kiwe safi kabla watu hawajafika. Aliyamwaga yote katika beseni moja, akaziosha bolti kwa mafuta ya taa na sabuni, akazianika juani. Ziling'aa kweli! Hakuna aliyemlaumu, ila aliponiona nimeliinamia lile beseni alielewa mwenyewe. Tangu hapo anasema ameiua pikipiki ya mumewe. Ndiyo maana siwezi kuiacha.

Usidhani ni kazi ya kuokota na kufunga. Waingereza wa zamani walioiunda walikuwa na mambo yao. Bolti tatu za unene mmoja, moja ina meno kumi na nane kwa inchi, ya pili ishirini na mawili, ya tatu ishirini na sita. Nakaa mlangoni na kipimo, vile vibapa vyembamba vyenye meno kama chanuo, naibandika bolti na kuiinua juu. Mwanga ukipenya kati yake, si yenyewe. Macho yananiuma mpaka kisogoni.

Zile ulizotuma, Mungu akubariki, ni za milimita. Unene ni karibu uleule, nazo huingia mizunguko miwili kwa upole, kisha zinagoma.

Jirani yetu fundi baiskeli, yule tuliyempa jina Kaza-Tu, hakungoja zigome. Nilikwenda kumpa mama dawa, kurudi nikamkuta ameshaishindilia moja kwenye kifuniko cha injini. "Mchagua jembe si mkulima," akaniambia, akaongeza nguvu. Meno ya tundu yakatoka yote na bolti. Hapo akakumbuka kwamba ameacha chai jikoni. Nilikasirika hadi nikacheka. Ikabidi nimpelekee fundi mitambo, akalitoboa tundu upya na kulivika bushi yenye meno yanayotakiwa.

Jana ikawaka. Mama alitoka jikoni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo, mwanangu. Mimi nilizoea kuisikia ikija."

Nikaitoa barabarani, nikazunguka mtaa, nikarudi polepole kama alivyokuwa akirudi baba. Nilipokata kona nilimwona langoni, amekimbia na ile miguu yake, anatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu tuzike. Kisha akaona ni mimi.

Hakulia. Alinisifu kwamba nimeitengeneza vizuri, akaingia ndani, akajilaza mchana kweupe. Leo hajataka hata uji.

Dada, bolti nimeziweza. Hili peke yangu siliwezi. Tafuta ruhusa kazini, uje.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi ukimpigia simu. Mola akufungulie njia na akulinde ukiwa safarini.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba