Kumpeleka Mama kwa Haji

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoka shifti ya asubuhi, kazi ya kutunza wazee. Wazee wanne kuogeshwa, mmoja kanipiga kofi, bahati mbaya tu. Nimekula wali wa jana bila kuupasha moto.

Viza ya Mama imetoka. Sabra, binti yangu, kaiona kwenye simu yangu kabla yangu. Miaka kumi na nne, Kiswahili anakisikia chote, jibu lake ni Kiingereza tu. Asha, mke wangu, kapiga vigelegele jikoni. Mimi nikaendelea kuosha sahani.

Mama hajawahi kufika Uingereza. Katoka Pemba kwenda Unguja, na mara moja Makka. Anashuka Heathrow tarehe 20. Nilimwambia kuna mengi ya kutembea hapa London. Kasema safari yake si ya kutembea. Anataka kaburi la ndugu yangu Haji.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekaa na ramani. Treni kutoka stesheni ya Euston mpaka Carlisle, kaskazini, mwendo wa saa tatu na kitu. Kutoka hapo mpaka mji aliokuwa akikaa Haji iko treni ndogo, lakini stesheni iko mbali na makaburi, na magoti ya Mama ni mabovu. Kwa hiyo gari ya kukodi.

Leseni yangu ni ya gari otomatiki tu. Nimeendesha mtaani kwetu Edmonton na hapa na pale London. Sijapata kuendesha barabara za kaskazini, zile nyembamba zenye kuta za mawe. Naogopa.

Asha kauliza mbona natafuta njia kama mgeni na nilishakwenda. Nikasema siku ile ya mazishi nilipakiwa na watu, sikuangalia njia. Sijui kama kaamini.

Jumapili, 7 Septemba

Niandike hapa, maana sijalisema popote pengine. Sikumzika ndugu yangu.

Baba alipofariki nilikuwa sina karatasi, ningetoka nchini nisingerudi. Haji alikuwa nazo, akenda nyumbani. Aliporudi akanipigia simu. Alisema Baba aliniulizia mpaka mwisho, na kwamba mimi nimeichagua Edmonton. Nikakata simu. Miaka miwili hatukusemeshana. Yeye kule kwenye kiwanda chake cha kufungasha samaki, mimi hapa.

Kisha moyo wake ukasimama kazini. Mtu akanipigia asubuhi: njoo, tunazika kesho baada ya adhuhuri. Nilimwambia Asha nakwenda. Nilifika Euston na begi. Nikakaa kwenye benchi, treni zikaondoka tatu. Nikalala kwa rafiki Stratford, humu humu London, siku mbili, ndipo nikarudi nyumbani.

Mama akauliza kwa simu: "Umemtia kaburini kwa mikono yako?" Nikasema ndiyo. Miaka minne sasa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia yule mtu aliyeniita mazikoni. Namba nilikuwa nayo muda wote. Jina lake Athumani, mtu wa Mombasa, dereva wa teksi kule. Ndiye aliyemwosha Haji.

Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia mama yetu anakuja, nataka kujua kaburi liko upande gani. Akanieleza: lango la pili, kulia, safu ya mwisho karibu na ukuta. Akasema tutalala kwake, hoteli hataki kusikia. Nikasema asante. Lile la uongo wangu kwa Mama sikulisema.

Ijumaa, 12 Septemba

Tiketi tayari. Alhamisi ya tarehe 25 asubuhi kwenda, Jumamosi kurudi. Viti viwili dirishani. Nimeomba msaada wa stesheni, waje na kiti cha magurudumu.

Gari nayo tayari. Wanataka leseni, kadi, na namba ya kuchukua mtandaoni ili waone kama nina makosa ya barabarani. Namba inakufa baada ya siku ishirini na moja. Sabra kanisaidia. Kaniuliza kwa Kiingereza kama nalia. Nikasema macho, nimetazama kioo cha simu mno.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia Athumani tena. Leo nimesema. Nilimwambia kwamba Mama anaamini nilikuwepo mazikoni, nikamwomba asiniangushe.

Nikasikia gari yake ikipunguza mwendo.

"Bwana Khamis," akasema, "mimi mama wa watu simwambii uongo. Sitaanza mimi. Lakini akiniuliza, nitajibu."

"Ataniona mtu wa aina gani?"

"Hilo ni lako na yeye."

Nilimkasirikia mchana kutwa. Sasa sina hasira. Nina hofu tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama kafika. Mdogo kuliko nilivyomwacha. Kaniangalia usoni muda mrefu pale kwenye mlango wa wasafiri, kisha kasema nimekonda na hapa kuna baridi. Kashika mkono wa Sabra mpaka nyumbani. Mmoja anasema Kiswahili, mwenzake Kiingereza, wanaelewana.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama anamhadithia Asha: "Mwanangu huyu kanifanyia kubwa. Haji hakuzikwa na watu baki." Asha kaniangalia. Nimetoka kwenda dukani. Nilisahau nilichokwenda kununua.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeomba shifti ya ziada nisikae nyumbani. Mchana nilipanga maneno yangu huku nikimlisha mzee uji. Yote mabaya.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika kwa Athumani, kabla ya chakula. Niandike kwa mpango.

Treni iliondoka kwa wakati. Mama alikaa dirishani, tasbihi mkononi. Aliuliza kondoo wale ni wa nani. Alifurahi. Nilingoja stesheni ya Preston ipite. Kisha nikasema, kwa kuwa ningengoja tena nisingesema.

"Mama, mimi sikumzika Haji. Sikufika. Nilikaa Euston nikaziacha treni."

Hakuelewa kwanza. Nikarudia. Nikamweleza na ile simu, maneno ya Haji juu ya Baba.

"Nani kamzika?"

"Watu wa huku. Tunakwenda kwao."

"Watu baki."

"Ndiyo, Mama."

Aligeukia dirisha. Hakulia. Alivuta tasbihi mpaka Carlisle.

Kwenye gari za kukodi nilikuta otomatiki niliyoagiza haipo. Iliyobaki otomatiki moja, kubwa, ya viti saba. Nikaichukua. Nilimfungulia Mama mlango wa mbele. Akapita, akaufungua wa nyuma mwenyewe, akakaa huko. Nimeendesha saa nzima namwona kwenye kioo tu. Lori lilinipigia honi mara mbili. Tukafika.

Athumani katupokea kwa heshima kubwa. Mtu mrefu, mvi, anatembea kwa kuchechemea. Mama kamsalimia vizuri kuliko alivyonisalimia mimi leo.

Ijumaa, 26 Septemba

Makaburini baada ya sala ya Ijumaa. Upepo. Safu ya mwisho, kama alivyosema. Kaburi safi, majani yamekatwa. Jiwe dogo, jina na tarehe. Nimesoma jina la ndugu yangu kama jina la mtu mwingine. Sikuhisi kitu. Baadaye nikahisi baridi, miguuni, ikipanda.

Mama alitaka kukaa chini. Magoti hayakubali. Nikanyoosha mkono. Akashika wa Athumani.

Alisoma Yasini yote kwa moyo. Alipomaliza akamuuliza Athumani kila kitu. Nani kamwosha. Maji yalikuwa ya moto au baridi. Sanda katoa nani. Nani kaingia kaburini.

"Mimi na Msudani mmoja aliyefanya naye kazi," Athumani akajibu. "Maji ya vuguvugu, mama. Tulikuwa watu tisa. Mvua ilinyesha, tukamshikia turubai."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Kama mtu aliyepitiwa na usingizi mchana."

Hapo Mama akalia. Alimwombea Athumani dua, yeye na wanawe na wazee wake. Mimi nilisimama ukutani. Nililia pia, ila hakuna aliyegeuka, na ilikuwa haki.

Kisha wakaenda kwenye gari wakaniacha. Nilikaa na Haji. Nilimwambia alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi pia nilikuwa nayo. Nilimwomba msamaha kwa sauti, kama mwehu. Nikang'oa jani moja lililobaki. Hakukuwa na la pili.

Jumamosi, 27 Septemba

Gari imerudishwa, haina mkwaruzo. Mama alikaa nyuma tena. Kwenye treni alikula nusu ya mkate aliopewa na mke wa Athumani, nusu akanisukumia. Tukiwa Watford, karibu na London, akasema:

"Usinihadithie tena jambo usiloliona."

"Sawa, Mama."

Basi.

Asha kafungua mlango. Nilimwambia palepale kwenye ngazi. Kasema alikisia tangu mwanzo, siku ile niliporudi viatu vyangu havikuwa na tope.

Jumatatu, 29 Septemba

Sina kazi leo. Mvua ndogo. Sabra yuko skuli, Asha kazini.

Mama alikuwa jikoni anapika mchuzi. Simu kaiweka mezani, sauti juu, anaongea na dada yake wa Wete. Nilikuwa mlangoni, aliniona, hakupunguza sauti. Alimweleza treni, kondoo, nyumba za mawe. Kisha akasema: "Haji kazikwa na watu wema, kaburi linatunzwa. Khamis hakuwepo. Nilikwambieni alikuwepo, si kweli, waambie na wengine." Mama mdogo akauliza kulikoni. Mama akasema ni habari ndefu, na kwamba hali ya hewa huku mbaya.

Akaaga. Akakoroga chungu. Akaniita nimfungulie kopo la tui.

Nikamfungulia.