Sukari ya Mgeni

Juba, Jumanne

Na bado nina hasira. Sukari ya maabara imekwama na lori huko Nesitu, basi mimi mwenyewe nilimwambia Keji atumie ya dukani, kidogo tu, kwa kipimo. Keji ndiye anayepika chakula cha kuoteshea fangasi.

Fangasi tuliowatoa kooni mwa Mama Poni, mgonjwa wa wodini, waliota kwenye chakula hicho mpaka ubavuni mwa dawa, kana kwamba dawa ni maji. Nikaandika kuwa ni sugu. Daktari akaisimamisha dawa, na sasa wanatafuta ile ya sindano, inayoumiza figo.

Leo nimemkuta Keji akipika tena. Anapima kijiko, anakiangalia, anaongeza kingine. Na kingine!

"Keji, unafanya nini?"

"Dada, ile ulisema iko kidogo sana. Hata chai mtu anakataa. Mgeni ataona sisi iko wachoyo."

Mgeni! Fangasi akishiba sukari anaweza kupata nguvu ya kuistahimili dawa. Nimemweleza mara ngapi? Alicheka, kisha akaniona uso, akaweka kijiko chini.

Nimerudia kipimo kwa sukari kidogo, majibu ni kesho. Huenda dawa ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Huenda. Daktari nimemwambia.

Jioni nilipita wodini. Binti wa Mama Poni amekaa na kikombe cha chai kilichopoa, maana mama yake hawezi kumeza hata mate. Na sisi kule maabara tunamkirimu anayemkaba koo.