Pampu ya Kulesa na Mto Uliohama

Kwa kaka yangu Buya, Kulesa,

Nadhani umeosha mikono kabla ya kuifungua barua hii, ingawa nakujua. Hujambo lakini? Mama miguu inaendeleaje? Na Baba, ameanza kwenda kwenye mikutano ya wakulima, au bado anajifungia nyumbani akisingizia kazi? Mimi niko salama. Baridi ya huku ughaibuni inauma hadi menoni. Kila asubuhi nalalamika, kisha naenda kazini.

Nilipokuomba kwenye simu umzuie yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa Garsen asiichukue pampu yetu ya maji ya kijiji, ulikubali kwa kununa. Sasa nakueleza sababu. Naiandika kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu wewe huusoma nusu.

Unajua nafanya usafi kwenye kiwanda kikongwe cha kumimina chuma. Nilidhani ni moshi na kelele tu. Kumbe! Kilianzishwa na mhunzi mmoja aliyetengeneza viatu vya farasi. Watoto wake wakaingia kwenye plau, wajukuu wakaingia kwenye mitambo ya mvuke. Vita vikaja, wanaume wakaondoka, wanawake wakashika kazi ya kumimina makombora. Vita vilipoisha wakaambiwa warudi jikoni, wengine wakakataa katakata. Hao nimewapenda sana. Halafu zikaja pampu, zikapelekwa kila pembe ya dunia. Leo wanatengeneza vifuniko vya mitaro ya barabarani. Najiuliza kila siku, kampuni inabadilisha kazi hivi na bado inaishi, inawezaje?

Kabla ya kumimina chuma huchonga kwanza mfano wa mbao, na desturi yao ni kutotupa mfano hata mmoja. Yote iko ghalani juu, na mwenye kuipangusa vumbi ni mimi. Wiki iliyopita nikainua turubai moja, nikaona mfano wenye nundu mgongoni. Haki ya Mungu, Buya, ilikuwa pampu yetu! Ile nundu tuliyoikalia tukila ndizi mbichi za kuchoma! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mzee anayewatembeza wageni kiwandani, fundi wa pampu aliyestaafu, akanisikia akaja. Akataka kujua pampu yetu iko wapi na ilikufaje. Nikamwambia kama wote wanavyosema Kulesa: mwendesha pampu aliiua. Iliguruma kama inatafuna kokoto, maji yakakatika, mpunga wa kijiji kizima ukakauka. Sikumwambia kwamba mwendesha pampu ni baba yangu.

"Maji yalikuwa umbali gani?" akauliza.

"Mwanzoni yalikuwa hapo chini yake. Baadaye mto ukahama."

"Mto ukahama?" Akanitazama kana kwamba nimesema kanisa limetembea. Mto wa kwao umejengewa kuta za mawe, haujui kwenda popote. Nikamchorea Mto Tana kwenye boksi: ukifurika unakata njia mpya, ile ya zamani inabaki tope, na sisi tunaufuata mto na mashamba yetu.

"Na pampu nayo mliihamisha?"

Nikamwambia hapana. Pale ilipo ni ardhi ya wote, na ukingo mpya ni shamba la ukoo wa kina Jillo. Koo nyingine ziliapa kwamba pampu haitakanyaga kule, isije ikawa mali ya kina Jillo. Mapanga yalikuwa yameshaanza kunolewa. Basi mwendesha pampu akaiacha palepale, akaunga bomba la kuvutia maji. Mto ukasogea tena, akaunga jingine.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema pampu ya aina ile inaweza kusukuma maji mbali sana, lakini kuyavuta, iyavute kutoka karibu tu. Bomba la kuvutia likirefuka, inakosa maji na kumeza hewa, ndiyo ile sauti ya kokoto. Angewekwa fundi yeyote pale, hata yeye mwenyewe, isingepona. Ilitakiwa isogezwe mtoni, na mabomba yaungwe upande wa kusukuma.

Buya, nilienda chooni nikalia. Watu wamemnunia Baba miaka yote hii, naye anawaitikia tu bila kujitetea. Hata sisi wanawe hatukuwahi kumuuliza ilikuwaje.

Sasa nenda kwa kina Jillo, nenda kwa adabu, acha ule mdomo wako nyumbani. Waombe mahali kidogo ukingoni, chifu na wazee washuhudie kwamba pampu ni ya wote. Mzee hana hakika kama itawaka, huenda imelika ndani. Lakini ijaribiwe kwanza kabla ya kuuzwa.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Msalimie shangazi Dama, msuka mikeka wetu, na jirani Godana mfugaji, mwambie maziwa ya huku hayana hata harufu ya moshi kama ya kibuyu chake.

Barua hii isomwe kwenye mkutano wa wakulima, Baba akiwa ameketi mbele. Akikataa kwenda, mbebe. Wasomee polepole, wasikie wote: Baba hakuiua pampu. Alikuwa akiunga mabomba ili wao wasikatane mapanga.

Mdogo wako anayekusumbua hata akiwa mbali,
Rehema