Maua ya Pamba kwa Mtakatifu Teresia

Kilimani, juu ya Fizi
4 Aprili 1956

Yaya Godelieve, dada yangu mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Baraka, za shemeji Bonaventure, na za lile goti lako? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inaniuma meno. Pasaka tuliisali vizuri, lakini nisikufiche: kanisani tulikuwa watu kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wameingia kujikinga mvua tu.

Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Mwezi wa sita Padri atapanda kutazama kama kanisa letu dogo libaki au lifungwe, tuwe tunashuka Fizi kusali. Miaka kumi na moja nafundisha katekisimu hapa. Akinikuta na mabenchi matupu, uso wangu nitauweka wapi?

Nimeamua tufanye novena kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, siku tisa, kuanzia Jumatatu tarehe 16. Unajua nilivyo na huyo mtakatifu. Tangu shuleni, walipotueleza kwamba alikufa kijana, hakufanya jambo kubwa la kuonekana, na bado alimwendea Mungu kama mtoto anayejua hatapigwa, nilisema huyu ndiye wangu. Picha yake nimeitundika juu ya meza, ameshika msalaba na mawaridi. Watu wananiuliza sana habari za hayo mawaridi, maana hapa hakuna aliyewahi kuona waridi, hata mimi mwenyewe. Nakuomba maua ya kuweka mbele yake, yoyote uliyonayo. Huku mvua imeangusha yote.

Nisalimie watoto.

Mdogo wako,
Isidore


Baraka, 15 Aprili 1956

Isidore mdogo wangu,

Nimepata barua yako nikafurahi kuona bado unapumua. Goti langu ni lile lile. Bonaventure anakula na kulalamika, basi ujue ni mzima. Watoto wanakusalimu, wanauliza lini utakuja kuwafundisha tena zile nyimbo za Noeli ambazo huzijui vizuri.

Unaniomba maua kama vile nina bustani ya watawa. Mimi nina shamba la pamba, na hata hilo ni kwa sababu serikali imetulazimisha. Basi nimekukatia matawi kumi na mawili ya pamba yenye maua yasiyofunguka bado, nimeyatia kwenye chungu cha maji na kuyafunika kwa majani ya ndizi. Muniteri wa pamba, yule msimamizi wa serikali, akijua, atanisimamisha kwenye jua siku nzima. Kamiyo ya mizigo inapanda Fizi kesho alfajiri; dereva akikutumia barua hii kwa mkono wa mtu, shuka ukachukue chungu kwake.

Yakifunguka yatakuwa meupe. Kesho yake yatageuka mekundu, hilo unalijua, tumekulia humo. Usije ukayatupa ukidhani yameoza.

Tuombee na sisi.

Yaya yako,
Godelieve


Kilimani, 26 Aprili 1956

Yaya mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Natumaini goti limepoa. Mimi sijalala vizuri, lakini ni kwa furaha.

Siku ya kwanza tulikuwa ishirini na wawili. Maua yalikuwa meupe, mazuri, kila mtu aliyatazama. Jumanne asubuhi Mama Immaculée, yule anayefagia kanisa, aliingia kabla yangu, nikasikia kelele. Nilipofika alikuwa amepiga magoti. Akaniambia, "Mwalimu, jana ilikuwa nyeupe. Angalia. Hii njo mawaridi ya Teresia."

Yaya, watu wa huku juu wanajua nguo ya pamba. Ua lake hawajaliona. Nilifungua mdomo niwaeleze. Lakini walikuwa wameanza kuingia kwa mbio, wengine wakilia, na mzee mmoja akanishika mkono akauliza, "Mwalimu, hii njo waridi?" Nikajibu, "Tusali."

Sikudanganya. Nilisema tusali, tukasali.

Siku ya tisa walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi wamesimama nje kwenye matope. Hata watu wa misheni ya Waprotestanti walikuja kuchungulia. Sasa wanataka novena nyingine. Nitumie matawi mengine, mengi kidogo. Padri atashangaa.

Mdogo wako,
Isidore


Baraka, 1 Mei 1956

Isidore,

Sisi ni wazima. Goti usiniulize.

Barua yako ilinichekesha mpaka Bonaventure akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsomea, yeye hakucheka, na mimi nikaacha. Hiyo "tusali" yako ni ya ujanja, mdogo wangu. Ulikuwa hivyo hivyo ulipokuwa mdogo: mama akiuliza nani kala samaki, wewe unasema, "Paka yuko wapi?"

Waambie. Sema: hii ni pamba, inageuka rangi siku ya pili, Mungu ameiumba hivyo, sasa kaeni tusali. Nusu yao wataondoka. Wale watakaobaki watakuwa wako kweli.

Hata hivyo nimekutumia matawi ishirini. Nimejiuliza tangu jana kwa nini nimefanya hivyo. Wewe ni mdogo wangu, sijazoea kukunyima. Na nikisema ukweli, nilisikia raha kufikiri watu wanapiga magoti mbele ya maua ya shamba langu, hili shamba la kulazimishwa. Haya ni ya mwisho.

Yaya yako,
Godelieve


Baraka, 17 Juni 1956

Isidore mdogo wangu,

Nakusalimu. Ni mwezi na nusu sasa, kamiyo inapanda na kushuka, na dereva anasema hukumpa kitu. Uko mgonjwa?

Sokoni hapa Baraka watu wanazungumza habari za mawaridi ya kilimani. Mwanamke mmoja aliyetoka Lulimba kuuza unga aliniambia, mimi mwenyewe, kwamba maua yanabadilika rangi ukiyaimbia. Nilikuwa nimesimama na kapu la pamba kichwani. Nilienda zangu, na njia nzima masikio yalikuwa yanawaka moto.

Alisema pia kwamba mama mmoja wa wafugaji wa juu, Mprotestanti, alishuka na mtoto mgonjwa wa macho kwa sababu ya hayo maua. Huyo mtoto yukoje? Padri alifika?

Niandikie hata mistari miwili.

Yaya yako,
Godelieve


Baraka, 5 Agosti 1956

Isidore,

Habari za afya sikuulizi tena, kwa kuwa hujibu. Nakuuliza moja tu. Huyo mtoto wa macho yukoje?

Yaya yako


Kilimani, 19 Agosti 1956

Yaya,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikifika kwenye salamu naona haya kukuuliza habari za goti, kama mtu mwema.

Padri alifika mwezi wa sita. Alikuta kanisa limejaa. Hakuyaona maua, yalikuwa yamekwisha, lakini aliona watu. Alinipa mkono mbele ya wote, akasema kanisa litabaki na kwamba laiti makatekista wote wangekuwa hivi. Nilishukuru. Alikaa siku mbili kuungamisha watu, na mimi nikajipa kazi ya kupanga foleni ili nisiingie kwenye foleni. Tangu Mei sijapokea Komunyo. Watu wanadhani nafunga kwa ajili yao.

Sasa habari ya mtoto. Mama yake anaitwa Mukandori, mkewe Ntagwabira mwenye ng'ombe. Mtoto ni msichana wa miaka minne, Mukantwari. Walifika siku ya pili ya novena ile ya Mei. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba na kutoa usaha, hawezi kuyafungua. Mukandori hakuwa amekuja kubaki. Alikuwa anapita kwenda kwa munganga wa lopitalo, daktari wa huko chini, mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni kwangu akauliza, "Mwalimu, mi nashuka kwa munganga, ao nabakia hapa kwa maua yenu?"

Kulikuwa na watu wengi nyuma yake wanasikiliza. Yaya, ningesema shuka, wangeuliza mbona mtakatifu hatoshi. Nilisema, "Bakia kwanza, novena iishe."

Alibaki siku saba. Alikuwa anaosha macho ya mtoto kwa maji ya kile chungu chako, nami namwona. Siku ya tisa alishuka. Munganga aliokoa jicho la kulia, nalo si zima. La kushoto limekuwa jeupe lote, halioni kitu.

Alipopita tena akirudi milimani nilijificha nyuma ya jiko mpaka akaenda. Mimi, mwalimu wa katekisimu.

Picha ya Teresia nimeigeuza, inatazama ukuta. Nimefundisha miaka kumi na moja kwamba upendo wa Mungu umejaa huruma, watoto wanaujua wimbo wake kwa moyo. Kwa wengine bado naamini. Kwangu naona hauwezi kufika, kwa kuwa nilimtumia mtakatifu wake kama chambo.

Usimwambie Bonaventure.

Isidore


Baraka, 26 Agosti 1956

Isidore mdogo wangu,

Goti langu linauma na mimi ni mzima. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Bonaventure nimemwambia. Nililia sana, na mtu akilia nyumbani mwake lazima aseme sababu. Alisema, "Na matawi ilikata nani?" Sijui kama alikuwa ananipiga au ananisaidia. Matawi nilikata mimi, Isidore. Yale ya pili niliyakata nikijua, na maji yaliyooshea macho ya yule mtoto yalitoka kwenye chungu changu. Kwa hiyo usiniandikie kama mtu anayeandika kwa mtu msafi.

Lakini nimekasirikia neno lako moja. Unasema huruma ya Mungu haifiki kwako. Tangu lini wewe ndiye unayempimia Mungu njia? Huyo Teresia wako hakumwendea Mungu na mikono imejaa, ndivyo ulivyotuambia hapa Noeli, watoto wangu wakakusikiliza mpaka wakasinzia. Wewe unataka kwanza uwe safi ndipo umwendee. Ukishakuwa safi utaenda kumfanyia nini? Hiyo siyo toba, ni majivuno yamevaa nguo ya kilio. Naliandika hilo nikiwa na hasira, silifuti.

Geuza picha. Shuka kwa Padri uungame. Hatakula nyama yako. Halafu uwaambie watu, wote, siku ya sikukuu ya Teresia mwenyewe, wakiwa wamejaa hivyo hivyo. Na ukimaliza hayo usidhani umemaliza, kwa kuwa yule mama bado hujamwona. Naogopa kwa ajili yako mbele ya Mukandori kuliko mbele ya Padri.

Mimi nimekwenda kuungama Jumamosi. Nilipotaja maua ya pamba, Padri wa hapa aliniambia nirudie, alidhani hakusikia vizuri.

Nakupenda kama ulivyo, mwenye ujanja.

Yaya yako,
Godelieve


Kilimani, 14 Oktoba 1956

Yaya mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuuliza goti, nakuuliza Bonaventure, nakuuliza watoto wote mmoja mmoja.

Niliungama. Padri aliniondolea dhambi kwa maneno yale yale anayompa kila mtu, na hilo lilinishangaza. Kufundisha amenikataza mpaka Pasaka. Ni haki.

Tarehe tatu, sikukuu ya Teresia, nilisimama nikawaambia. Nilisema ni pamba, yaya yangu analima Baraka, nilijua tangu mwanzo. Mama Immaculée aliweka fagio chini akatoka nje, na mpaka leo hajanisalimu. Wengine waliondoka na kelele. Wengine walicheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko matusi. Jumapili iliyofuata tulikuwa thelathini na mmoja. Nilikaa benchi la nyuma, kijana mwingine akasomesha sala.

Jumatatu nilipanda kwa Mukandori, mwendo wa siku moja na nusu. Nilimkuta anakamua. Ntagwabira hakuwapo. Mtoto alikuwa karibu na ndama, akageuza kichwa chote ili anione kwa lile jicho la kulia.

Nilisema yote nikiwa nimesimama, bila kujitetea, kama nilivyojizoeza njiani. Aliendelea kukamua. Nilipomaliza alisema, "Mi sikuamini maua, mwalimu. Siye hatuna mambo ya watakatifu. Niliamini we. Ulisema bakia, nikabakia."

Yaya, kwa Padri sikulia, na mbele ya watu sikulia. Pale nililia, na ng'ombe akasogea.

Hakunituliza. Alimaliza kukamua, akamwaga maziwa kwenye kibuyu, akanipa. Nilikataa, nikasema sistahili. Akasema, "Sikuuliza kama unastahili. Umetembea, iko na kiu. Kunywa." Nikanywa. Miaka kumi na moja nimekuwa nikifundisha huruma, na kumbe nilikuwa sijui jinsi ilivyo ngumu kumeza.

Nililala kwao. Asubuhi nilipotaka kuaga alisema jicho la kulia limeanza kutoa machozi tena, na kwamba munganga wa Baraka anasifiwa. Yeye hawezi kuacha nyumba, yuko karibu kuzaa. Ntagwabira yuko mbali na ng'ombe. Akamfunga mtoto nguo ya baridi, akamwambia maneno kwa Kinyarwanda nisiyoyasikia vizuri, akamweka mgongoni kwangu.

Nilimwambia, "Mama, mi njo niliharibu jicho yake." Akajibu, "Najua. Sasa we njo utamupeleka."

Nikamwuliza mara ya pili kama ana hakika. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwa ng'ombe wake.

Mtoto amelala hapa kwangu ninapoandika. Haogopi. Tutashuka na kamiyo, tutafika kwako Jumatano kabla ya jua kuwa kali, kwa kuwa jua linamuumiza. Anapenda ndizi za kuchoma. Usimfiche mimi ni nani, na wewe ni nani.

Mdogo wako,
Isidore