Mizinga ya Baba Mkwe Imo Ndani ya Msitu Ninaoulinda

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu. Nakuomba unisaidie, na unisamehe mwandiko, maana naandika kwa jicho moja, la pili limevimba, na sababu yake utaiona huko mbele.

Mimi ni afisa misitu, nimehamishiwa kituo hiki mwaka jana, na sikuja kutafuta mke, nilikuja kulinda miti, lakini suruali yangu ya kazi ilichanika nikiruka uzio, nikaipeleka kwa fundi cherehani aliye mkabala na kituo, naye akaigeuza huku na huku akasema, "Afande, huu si mpasuko, huu ni mlango," na tangu siku hiyo nguo zangu zikawa zinachanika zenyewe, hata zile mpya. Kwa kifupi tulipendana, nikapeleka posa, ikapokelewa.

Tabu ni kazi ya babake. Baba mtu ni mrina asali, kama alivyokuwa baba yake, watu wanamwita Mzee Nta kwa sababu ukishikana naye mkono unaondoka na harufu ya nta, na mizinga yake pamoja na ya warina asali wenzake imetundikwa ndani ya msitu ule ule ninaoulinda mimi. Kiangazi kilichopita moto uliunguza upande mmoja wa msitu, bosi wangu akaandika kwamba chanzo ni mienge ya moto ambayo warina asali hufukuzia nyuki, na sasa imetoka amri mizinga yote iondolewe kabla ya mwezi ujao, itakayobaki itashushwa na kuchomwa, na aliyetumwa kusimama sokoni na kipaza sauti kuisoma amri hiyo ni nani kama si mimi.

Nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, nimevaa shati alilonishonea mchumba wangu mwenyewe, Mzee Nta alinisikiliza mpaka mwisho, akasafisha koo.

"Kwa binti yangu sina neno, amekubali mwenyewe," akasema. "Mimi nauliza moja tu. Mwezi ujao utakuja hapa kama mkwe au kama serikali?"

Nikababaika, nikasema nitakuja kama yote mawili.

"Basi vaa viatu tukatembee," akasema.

Mshauri, tulitembea mpaka miguu ikaomba msamaha. Alinionyesha kwamba kila familia ya warina asali ina sehemu yake ya kuchunga na mtu hapiti hapo na shoka, kwamba hawamalizi masega yote bali huwaachia nyuki chakula cha kiangazi, kwamba miti ikichanua hakuna anayethubutu kukata hata tawi, na kwamba kila kiangazi kinapokaribia hukwangua majani makavu chini ya miti yenye mizinga na kufyeka mkanda kuizunguka, ili moto ukija ukose cha kula. Kisha tukafika palipoungua, na hapo niliona mwenyewe: weusi unaanzia barabarani, pale watu wanapochomea takataka, unakuja mpaka mizinga inapoanzia, halafu unakoma kama mgeni aliyefungiwa mlango. Upande ulioungua haukuwa na mzinga hata mmoja. Nikaegemea mti nifikiri vizuri, na nyuki mmoja aliyekuwa na shughuli zake akanidunga kwenye kope. Mzee Nta alinitoa mwiba kwa ukucha, akaniambia nisijali, huyo ndiye mshenga wao.

Kesho yake nikaingia kwa bosi na jicho langu moja, nikamweleza yote. Akanitazama.

"Umeshaoa?"

"Bado."

"Hujaoa na umeshaanza kuwasemea. Ukioa itakuwaje?"

Ofisi nzima ikacheka, nami nikabaki nageuza kofia mkononi, kwa sababu ni kweli nimependa, na ni kweli nimeona nilichoona, na sijui namna ya kuvitenganisha hivyo viwili vikiwa katika mdomo mmoja. Bosi akasema msako uko palepale na siku yake tutaambiwa sisi maafisa peke yetu.

Sasa shangazi wa mchumba wangu, ambaye ndiye msimamizi wa mambo ya harusi, ameniita pembeni. "Mkwe, hatukuombi fedha wala ng'ombe. Tunaomba siku tu. Tuishushe mizinga wenyewe, tuifiche, msako ukipita tuirudishe. Ukwe ni wa siku kama hizi." Akaongeza kwamba nisipoisema hiyo siku, harusi inaweza kungoja mpaka nijue mimi ni wa nani. Nikakimbilia kwa mchumba wangu nikamuuliza yeye anasemaje, naye hakuinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Mnamzungumzia baba, mnazungumzia mizinga," akasema. "Mizinga mingine kule ni yangu, nimeitundika kwa mikono yangu, na hakuna aliyeniuliza."

Akakata uzi kwa meno, na tangu hapo ananijibu kwa "ndiyo" na "hapana" kama mtu anayejaza fomu ya hospitali.

Nifanye nini, mshauri? Nikiitaja siku nakosa kazi, nikinyamaza nakosa mke, au niache kazi kabisa nikajifunze kurina asali, ingawa nyuki wenyewe naona hawajanipenda?

Ni mimi,
Mchumba wa Jicho Moja

*

Mchumba wa Jicho Moja, marahaba. Umri nimekuzidi, na kwa barua hii nimekuzidi na mengine. Jicho liwekee kitambaa cha maji baridi, kisha unisikilize.

Pole kwanza. Si jambo dogo kuchekwa na ofisi nzima kwa kusema kweli, na ulifanya vyema kwenda kuisema ukiwa na uso wa aina hiyo. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Siku ya msako usiitaje. Shangazi si mtu mbaya, anavuta upande wa damu yake kama shangazi yeyote mwenye akili, ila ameona karibu. Mizinga ikifichwa, bosi wako atasema, "Mnaona? Asiye na kosa hakimbii na mali yake." Na ile habari ya mienge, ambayo sasa haina shahidi, itakuwa imepata shahidi. Nenda kwake ukae chini, si kwa simu, umwambie kwa heshima kwamba siku huitoi, na kwamba unachofanya ni kuusimamisha msako wenyewe. Atanuna. Mwache anune, kununa si kuvunja uchumba.

Kazi pia usiache. Maafisa wa kusoma amri sokoni wamejaa tele, lakini waliokubali kutembezwa msituni na wenye kuujua ni wachache, na ukiondoka wewe ataletwa mwingine asiye hata na suruali iliyochanika.

Sasa bosi. Alikufunga mdomo kwa swali moja, na nasikitika kukuambia kwamba swali lilikuwa la haki. Wewe unaoa kule, huwezi kuwa shahidi. Basi jitoe. Mwandikie kwamba umechumbia katika familia ya warina asali, kwa hiyo hutaki neno lako litegemewe, na unaomba yeye au afisa mwingine yeyote akatembee mle pamoja na warina asali wote kabla mzinga haujaguswa. Ardhi iliyoungua haijachumbia mtu. Itamwonyesha kila mwenye macho mahali moto ulipoanzia na mahali uliposhindwa. Akikataa kutembea, peleka barua hiyo ofisi iliyo juu yake, na umwambie mapema kwamba umeipeleka, maana kumpita mkubwa kimyakimya ni fitina, na kumpita ukiwa umemuaga ni utaratibu.

Huko msituni wewe funga mdomo. Ulichofundishwa na Mzee Nta ni chao. Wameujua msitu huo kwa kuula bila kuumaliza, na watasema wenyewe. Nikikuta siku moja yale mambo ya masega na mikanda ya moto yamekuwa ripoti yenye sahihi yako chini, nitakuja hapo kituoni mimi mwenyewe. Warina asali wenyewe wadai makubaliano ya wazi: familia gani inachunga wapi, mkanda unafyekwa lini, ni wakati gani hata gari la kituo haliruhusiwi kuingia. Na wao wasiende kama malaika. Mwenge ni moto, moto hauna baba mkwe. Waulizwe wanauzimaje na nani anahakikisha umezimika, na kama kuna anayezembea wamtaje wenyewe. Ujuzi wa wazee hauvunjiki kwa kuulizwa swali, huvunjika kwa kupuuzwa.

Mzee alipokuuliza utakuja kama nani, ulijibu ovyo. Mtu hakalii viti viwili bila kuanguka katikati. Mwambie: "Nyumbani kwako mimi ni mkwe, na habari za ofisini sizileti. Msituni mimi ni afisa mbele ya kila mtu, na wewe ukiwemo." Nadhani atakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa shati.

Nimebakiza fundi, na hapa ndipo uliponikasirisha. Umeniandikia habari za baba yake, shangazi yake, bosi wako, hata nyuki mmoja amepata mistari yake, na mwanamke mwenye mizinga yake mwenyewe, aliyepanda mti akaitundika, umempa nafasi ya kukata uzi kwa meno. Mwanangu, huyo si binti wa mrina asali tu. Huyo ni mrina asali. Bosi akienda kutembea, yeye atangulie na wenzake, aseme mizinga yake ni ipi na anailindaje. Wala usimwombee nafasi hiyo kwa mtu, ni yake tayari. Wewe mwombe radhi, kisha muulize alijifunza kwa nani na alianza lini, ukae kimya akieleza, hata akieleza mpaka chai ipoe.

Na harusi isiharakishwe ili kuficha mizinga, wala isicheleweshwe ili kumfurahisha bosi. Tarehe mtapanga ninyi wawili.

Kwa hiyo kesho: asubuhi bosi, mchana shangazi, jioni fundi. Fuata mpangilio huo huo, maana ninavyokujua sasa, ukianzia kwa fundi hutafika kwa bosi.