Mate Uliyomnyima Asekon

Mwaka umetimia sasa, Ebenyo, tangu tukufukie hapa Lodwar, upepo ukitujaza mchanga machoni hata hatukujua nani analia na nani anafikicha.

Ulikuwa mtu wa mbuzi. Unawanunua Lokori, unawafikisha kwa wachinjaji wa Kakuma, unarudi na sukari na tumbaku. Hukumpita mtu njiani bila kumsalimu "ejok", hata yule mliyegombana naye jana. Mbuzi akichechemea unambeba mabegani, na watu wanakucheka: "Ebenyo, leo nani anampeleka mwenzake sokoni?" Nawe unacheka nao.

Kakuma ulikuwa unashukia kwa rafiki yako Baudouin, Mkongomani mwenye kibanda cha chai. Mlikunywa kwa kikombe kimoja, funda lako, funda lake. Na nyumbani, binti yako Asekon alipokuwa bado hana meno, wewe ndiye uliyemtafunia nyama ikalainika, ukamtia mdomoni. Mkeo Napeyok alikuwa akisema mtoto huyu kanyonya kwa baba.

Kisha sikio likaziba, ukasema ni vumbi. Pua ikatoka damu, ukasema ni jua. Uvimbe ukaota shingoni, mgumu kama tunda la mkoma. Mzee mmoja akauchanja kwa wembe, kama tunavyochanja uvimbe wowote. Damu ikatoka, uvimbe ukabaki. Siku ulipokubali kwenda hospitali ya Eldoret, kaka yako Lomorukai amekuegemeza begani kuanzia Kainuk hadi Kitale, sikio moja lilikuwa limekufa kabisa.

Daktari akasema ni saratani, iko nyuma ya pua. Lomorukai akamuuliza imetoka wapi. Daktari akaeleza kwamba kuna kirusi ambacho karibu watu wote hukipata, wengi wangali watoto. Hupita kwa mate, kisha kinalala mwilini maisha yote bila neno. Kwa watu wachache kinaamka na kuzaana, na huko kuamka pengine kunaisaidia saratani kuanza, pamoja na mambo mengine, kama moshi, au damu ya ukoo. Kwa nini kiliamka kwako, akasema hajui.

Hayo yote yalisemwa. Wewe ulirudi nyumbani na neno moja tu: mate.

Tangu hapo ukawa unatembea na kikombe chako, umekifunga kiunoni kwa kamba. Baudouin alipokumiminia chai, ukatoa chako. Akakasirika.

"Weye! Mate yako nilishayanywa tangu tulipojuana. Kama ni sumu, mbona mimi nanenepa tu?"

Hukucheka. Ulikunywa umempa mgongo.

Ndipo ikafika siku ya Asekon kwenda kwa mumewe, huko Lowarengak. Kwetu binti haondoki mpaka baba amtemee mate kwenye paji la uso na kifuani. Ndiyo baraka yake, ndiyo kinga yake huko aendako. Asekon akaja akapiga magoti mbele yako, watu wote wakitazama. Ukasimama, ukaelekea zizini.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Nenda tu."

"Niende hivi hivi? Kavu?"

"Nenda, Asekon."

Hukumweleza mtu sababu. Wazee walinung'unika kwamba humtaki mkwe. Napeyok alikuita mchawi wa mtoto wako mwenyewe. Asekon akapanda gari la samaki amejifunika uso.

Ukarudishwa Eldoret, wakakuchoma kwa mionzi. Ulirudi koo limebabuka, hata uji ulipita kama miiba. Napeyok akakupeleka kwa muuguzi hapa Lodwar.

"Huyu hata kijiko anatuficha," akamshtaki. "Anasema mate yake yatatuua."

Muuguzi akakugeukia. "Mzee, una watoto?"

"Mmoja."

"Nani alikuwa anamtafunia chakula?"

Napeyok akakuonyesha kidole. Uso wako ukabadilika. "Kwa hiyo nilimpa zamani?"

"Wewe, au mama yake, au mtoto wa jirani. Nani atajua? Hata mimi ninacho, karibu nina hakika. Wengi wetu tutazikwa nacho kimelala. Kumnyima mate leo hakumkingi na kitu."

"Na kwake kikiamka?"

"Kwa wengi hakileti neno, mzee."

"Kwangu kimeleta."

Mlipotoka nje ukamwambia Napeyok, "Mwite Asekon." Hapo ndipo alipojua kilichokupeleka zizini siku ile.

Asekon alikuja na mimba kubwa. Akapiga magoti kando ya mkeka. Lomorukai alikushika mgongo ukaketi, ukavuta mashavu ndani, ukavuta tena. Hakikutoka kitu. Mionzi ilikuwa imekausha mdomo wote. Napeyok akakupa maji, yakatokea puani na damu. Lomorukai akakutia tumbaku shavuni, nayo ikakaa pale kama vumbi. Ulilia bila sauti, na sisi tukaangalia chini.

Mwisho ukamvuta Asekon kichwa, ukampulizia kwenye paji la uso. Ukamtazama, unangoja.

"Imefika, baba," akasema.

Ukalala. Hukuamka tena kuzungumza nasi.

Tulipokwisha kukuzika ndipo Asekon akatuambia. Ilikuwa pumzi tu, kavu, ya moto. Kama ilifika au haikufika, yeye hajui. Alisema vile ili upumzike.

Amezaa mvulana, tumempa jina lako. Mwezi uliopita tulikwenda Lowarengak kumbariki. Lomorukai akatafuna tumbaku yake, akainama juu ya mtoto. Asekon akamtazama mdomo ule, akamkaza mtoto kifuani. Tukangoja. Hakuna aliyemharakisha, maana sote tulijua anachokiona.

Kisha akamfunua mtoto uso.

"Mtemee, baba mkubwa," akasema. "Halafu mtemee tena, yale ya baba."

Lomorukai akatema mara mbili.

Wanaokukumbuka ni mkeo Napeyok. Binti yako Asekon na mumewe. Kaka yako Lomorukai. Mjukuu wako Ebenyo, ambaye hamkuonana naye. Na Baudouin wa Kakuma, aliyekiomba kikombe chako cha kamba, na kila asubuhi anakinywea chai.

Hatutakusahau kamwe, Ebenyo, maadamu kwetu kuna mtoto wa kutemewa.